Faili ya manusura wa saratani ya ubongo isifungwe

Kenya imejifunza kuwahesabu wagonjwa wa saratani wanaoanza matibabu. Kuwafuatilia wale wanaoyamaliza bado haijajifunza. Kwa aliyeugua saratani ya ubongo, pengo hilo linaua, kwa kuwa mionzi na dawa zilizomwokoa huacha madhara yanayochomoza baada ya miaka mitano, kumi, hata ishirini. Manusura wa Kinango, Ndavaya au Mackinnon Road, hapa Kaunti ya Kwale, hukutana na madhara hayo akiwa mbali na daktari aliyemtibu, na karatasi aliyo nayo, kama anayo, haimwelezi tabibu wa zahanati cha kutazamia. Jambo hili halikubaliki, na wenye jukumu la kulirekebisha wanajulikana kwa vyeo vyao.

Kabla ya lawama, liwekwe wazi jambo moja lisije likapotoshwa vijiweni. Hakuna mzazi anayepaswa kusoma maneno haya kisha akamtoa mwanawe kwenye tiba ya mionzi. Mwaka 1930 daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo Harvey Cushing wa Marekani alichapisha taarifa ya watoto aliowapasua uvimbe uitwao meduloblastoma, na karibu wote walifariki ndani ya miaka michache. Leo, katika nchi zenye huduma kamili, watoto wapatao wanane kati ya kumi wenye uvimbe huo usio wa hatari kubwa huvuka miaka mitano. Kilicholeta tofauti hiyo ni upasuaji bora ukifuatwa na mionzi ya kichwa na uti wa mgongo, pamoja na tibakemikali. Bila tiba hiyo hakuna manusura wa kuzungumziwa. Hoja yetu ni kwamba aliyepewa tiba kali namna hiyo ana haki ya kufuatiliwa maisha yake yote.

Ushahidi haukosekani. Nchini Marekani, uchunguzi mkubwa wa manusura wa saratani za utotoni ulioanza mwaka 1994 umewafuatilia maelfu ya watu kwa miongo, wakilinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba asilimia 43 ya manusura wa uvimbe wa ubongo walikuwa na angalau tatizo moja la homoni. Mwaka 2006 yalifuata ya kutisha zaidi: hatari yao ya kupata kiharusi ilikuwa takriban mara 29 ya ile ya ndugu zao. Hatari hiyo ilipanda kwa waliopigwa mionzi ya grei 30 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) na zaidi, na ilikuwa kubwa kabisa kuanzia grei 50. Mwaka huohuo ilibainika kwamba baadhi yao hupata uvimbe mpya kichwani, uletwao na mionzi yenyewe: glioma kwa wastani miaka 9 tangu ugonjwa wa kwanza, na meninjioma kwa wastani miaka 17. Mtoto aliyetibiwa akiwa darasa la pili anaweza kuupata ugonjwa huo wa pili akiwa tayari ana familia yake.

Watu wazima hawakusalimika. Watafiti wa Uholanzi walieleza mwaka 2009 kwamba wagonjwa wenye glioma inayokua polepole waliopigwa mionzi walizidi kudhoofika umakini na wepesi wa kufikiri, wastani wa miaka 12 baada ya ugonjwa kugunduliwa, hata pale dozi za kila siku zilipokuwa ndogo. Wenzao ambao hawakupata mionzi walibaki vilevile. Kwa mtu wa ofisini huo ni usumbufu. Kwa mfugaji anayehesabu mifugo mnadani au mama anayeendesha genge, ni riziki inayopotea bila yeye kujua sababu.

Sasa tuyalete haya Kinango. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ya pituitari inayoziamrisha tezi nyingine mwilini. Mionzi ikiidhuru, tezi zilizo juu ya figo huweza kukosa amri ya kutoa homoni ya kotisoli. Siku za kawaida mtu wa aina hii huonekana mzima, ila mchovu kidogo na mwenye hamu ndogo ya chakula. Akipata homa au akiharisha, mwili hudai kotisoli nyingi kwa ghafla. Isipopatikana, presha hushuka, sukari hushuka, na mgonjwa anaweza kufa kwa muda wa saa chache.

Kwale ni ukanda wa malaria. Chukulia kijana wa Puma aliyetibiwa uvimbe wa ubongo miaka sita iliyopita, amefikishwa zahanati ana homa, anatapika na amelegea. Muuguzi atamtoboa kidole, apime malaria, ampe vidonge na kumrudisha nyumbani. Kwa mgonjwa wa kawaida, muuguzi huyo amefanya kazi yake sawasawa. Kwa kijana huyu, hata kama malaria ipo kweli, vidonge vya malaria peke yake havitamwokoa. Alihitaji sindano ya haidrokotisoni papo hapo, kisha gari la kumkimbiza hospitali. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na si ya bei ya kutisha. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maandishi: mgonjwa huyu alipigwa mionzi ya kichwa, akiugua apewe haidrokotisoni.

Vivyo hivyo kwa aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani. Mrija huziba, wakati mwingine miaka mingi baada ya kuwekwa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kutapika na usingizi usio wa kawaida, na kila moja ya hizo mtu wa Pwani ana jina lake la haraka: malaria, uchovu wa jua, au pepo. Mrija ulioziba ni dharura ya upasuaji. Anayekaa nao siku tatu akifukizwa buhuri nyumbani anaweza asifike Mombasa akiwa hai.

Kifafa nacho ni mwenzi wa manusura wengi. Utafiti uliofanywa katika kaunti jirani ya Kilifi umeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawapati dawa ipasavyo. Hapa kwetu vijana huendesha bodaboda kwenye vumbi la barabara za Kinango, hukwea minazi Msambweni, huingia baharini Shimoni, na kina mama huteka maji kwenye malambo na kupika kwenye mafiga. Mtu mwenye kovu la ubongo akianguka kifafa katika kazi yoyote kati ya hizo, kinachomuua ni pikipiki, mnazi, maji au moto. Je, kuna aliyemketisha kijana huyu siku ya kuruhusiwa akamwambia, kwa lugha anayoielewa, kazi zipi aziache na dawa ipi asiikatize?

Shuleni mambo hujificha zaidi. Dawa ya sisplatini huua usikivu wa sauti nyembamba, na mtoto husikia mwalimu akizungumza bila kuyapata maneno yote. Mionzi hupunguza kasi ya kufikiri. Mtoto anajua jibu, lakini darasa limeshahamia swali la nne yeye akiwa bado kwenye la pili. Pia huenda akabaki mfupi kuliko wenzake kwa kukosa homoni ya ukuaji, au akabaleghe mapema mno, au akachelewa. Mwalimu asiyejua historia yake atamwita mzembe, na wenzake watamtungia jina. Baraza la Mitihani la Kitaifa lina utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini utaratibu huo humfikia tu mtoto ambaye tatizo lake limepimwa na kuandikwa.

Kuna jambo zito zaidi ambalo viongozi wa Kwale hawana ruhusa ya kulikwepa. Katika kaunti hii na ile ya Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Uvumi wa namna hiyo hulishwa na maradhi yasiyoelezeka. Kijana aliyepona saratani, familia ikachinja mbuzi na kushukuru, kisha baada ya miaka kumi akapooza upande mmoja. Binti aliyeolewa akakosa hedhi na akakosa mtoto. Mtu mpole aliyegeuka mkali na msahaulifu. Hospitali ikinyamaza, mtaa utasema, na mtaa ukisema kidole huelekezwa kwa mzee mwenye mvi. Familia iliyoambiwa mapema kwamba kiharusi, ugumba au mabadiliko ya tabia yanaweza kuja kutokana na tiba ile haitamtafuta mchawi.

Serikali haiwezi kudai kwamba haikujua. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Mkakati wa Kitaifa wa Kudhibiti Saratani wa 2017 hadi 2022 uliiweka huduma kwa manusura ndani ya nguzo moja na matibabu na huduma ya kutuliza maumivu. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2018 mpango wa saratani za watoto unaolenga angalau asilimia 60 ya watoto hao duniani wapone ifikapo 2030, na glioma inayokua polepole ni mojawapo ya saratani sita zilizowekwa mbele. Kenya ikifanikiwa katika lengo hilo itakuwa na manusura wengi zaidi wa uvimbe wa ubongo, na wengi wao watakuwa watoto wenye miongo mitano au sita ya kuishi. Kuandaa tiba bila kuandaa ufuatiliaji ni kupanga msiba kwa awamu.

Tunakiri hatua zilizopigwa, maana mgala muue na haki yake umpe. Kwa miaka mingi mwananchi wa Pwani aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alilazimika kupanga foleni Kenyatta jijini Nairobi. Leo mashine ipo Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Pwani, kama ilivyo Nakuru na Garissa. Oktoba 2025 Rais alitangaza kwamba kiwango cha bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kwa wagonjwa wa saratani kingepanda kutoka shilingi 550,000 hadi 800,000 kwa familia kwa mwaka. Ni fedha nyingi.

Lakini fedha hizo zimepangwa kwa ajili ya vita vya mwaka mmoja. Manusura hana tena uvimbe wa kutibiwa. Anachohitaji ni kipimo cha homoni ya tezi ya shingo kila mwaka, kidonge cha levothairoksini kila asubuhi kama tezi imelegea, kipimo cha kotisoli, dawa ya kifafa isiyokatika, kipimo cha masikio na macho, na picha ya ubongo pale dalili zinapodai. Bima inayomjali mgonjwa akiwa kwenye mashine ya mionzi na kumsahau akiwa dirisha la dawa imeijua nusu tu ya kazi yake. Na ili aendelee kuwa na bima hiyo, mfugaji wa Kinango asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 3,600, hata msimu ambao mvua imekataa na ng'ombe wamekonda. Akishindwa, dawa inakatika. Aliyekula ng'ombe mzima hashindwi na mkia, na taifa lililogharimia upasuaji, mionzi na tibakemikali haliwezi kushindwa na kidonge cha kila siku.

Hukumu yetu, basi, ni hii: manusura wa saratani ya ubongo wa Kinango na Pwani nzima wametelekezwa, na lawama inagawika kwa wenye dhamana watano.

Wa kwanza ni hospitali zinazotibu. Asiruhusiwe mgonjwa yeyote kuondoka baada ya tiba ya ubongo bila ukurasa mmoja wa muhtasari, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: aina ya uvimbe, tarehe ya upasuaji, kiasi cha mionzi kwa grei na sehemu iliyopigwa, majina ya dawa na jumla ya dozi, kama ana mrija, na dalili tano za kumrudisha hospitali mara moja. Wazo hili si geni. Taasisi ya Tiba ya Marekani ililipendekeza mwaka 2005 kwa manusura wote wa saratani. Miaka ishirini inatosha kwa wazo kuvuka bahari. Daktari anayedai hana muda wa kuandika ukurasa huo ajiulize alipata wapi muda wa kutoa grei 54.

Wa pili ni Wizara ya Afya pamoja na Taasisi ya Kitaifa ya Saratani. Itolewe ratiba moja ya kitaifa ya ufuatiliaji, fupi, ambayo tabibu wa kituo cha afya anaweza kuibandika ukutani. Sheria ya Afya Dijitali ya 2023 ilitungwa ili taarifa zimfuate mgonjwa popote aendapo. Muhtasari wa tiba ya ubongo uwe miongoni mwa taarifa za mwanzo kuingizwa, ili muuguzi wa Samburu ya hapa Kwale auone bila kungoja simu ya Nairobi.

Wa tatu ni SHA. Kifurushi cha saratani kiseme bayana kwamba ufuatiliaji wa manusura ni sehemu ya tiba ya saratani, kwa maisha, pamoja na homoni, dawa za kifafa na vifaa vya usikivu. Na manusura aliyethibitishwa kuwa hana uwezo alipiwe mchango wake na serikali.

Wa nne ni Serikali ya Kaunti ya Kwale. Jedwali la Nne la Katiba liliukabidhi mikononi mwake uendeshaji wa hospitali na vituo vya afya, kwa hiyo visingizio vya Nairobi havimwokoi mtu hapa. Hospitali ya Rufaa ya Msambweni na ile ya Kinango zipangiwe siku maalumu ya kliniki ya manusura, angalau mara moja kwa mwezi, ambapo presha, damu, masikio na macho hupimwa siku hiyohiyo, ili mtu asipande matatu hadi Kwale, Likoni na kivukoni mara nne kwa vipimo vinne. Haidrokotisoni ya sindano na dawa za kifafa zisikosekane katika hospitali hizo hata siku moja. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa Septemba 2023 tayari wana mashine ya kupima presha; wapewe orodha ya manusura wa vijiji vyao na wafundishwe kwamba kwa watu hawa presha iliyopanda ni hodi ya kiharusi. Gharama ya haya yote ni kiasi gani ikilinganishwa na ya kongamano moja la maafisa katika hoteli za Diani? Bunge la Kaunti liulize swali hilo litakapojadili bajeti ijayo, na majibu yatolewe hadharani.

Wa tano ni sisi raia. Walimu wakuu waache kuadhibu uzito wa kufikiri ulioletwa na tiba, na wawapeleke watoto hao kupimwa ili wapate haki yao darasani na kwenye mtihani. Maimamu, wachungaji na wazee wa kaya wakataze minong'ono ya uchawi pale mgonjwa aliyepona anapougua tena. Waganga wanaompokea mtu aliyewahi kupasuliwa kichwa wamrudishe hospitali kabla ya kumfukiza chochote. Anayemchelewesha mgonjwa wa mrija ulioziba anashiriki kifo chake. Nazo familia ziache kuficha historia ya saratani kwa kuhofia posa za mabinti, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Hatutaki kamati nyingine, wala warsha ya kuzindua mwongozo utakaofungiwa kabatini. Tunataka ukurasa mmoja wa muhtasari kwa kila manusura, siku moja ya kliniki kwa mwezi na dawa zisizokatika, na tunataka yaanze katika mwaka huu wa fedha.

Na wewe msomaji, kama wewe au mtu wa nyumbani kwako aliwahi kutibiwa uvimbe wa ubongo, hata kama ni miaka ishirini iliyopita na hata kama anajisikia mzima, usingoje serikali izinduke. Rudi hospitali iliyomtibu, dai kwa maandishi muhtasari wa mionzi na dawa alizopewa, tengeneza nakala, moja ikae nyumbani na moja itembee naye mfukoni. Apimwe presha na homoni mwaka huu. Akiugua homa, muuguzi aonyeshwe karatasi hiyo kwanza.